Viti Vitano Vitupu

Kibondo, Jumatano, 4 Juni 2025

Upepo wa kusini-mashariki, mwepesi. Mawingu hakuna. Moshi wa mashamba yanayochomwa umetanda upande wa Burundi, vilima vya mbali havionekani. Nimestaafu tangu 2019 lakini mkono bado unaanza na hali ya hewa kabla ya neno lingine lolote. Miaka 35 ya kusoma vipimajoto na kupima mvua haiondoki kwa barua moja ya kustaafu.

Redio imetangaza kwamba jana Umoja wa Ulaya umeyafungia anga lake mashirika yote ya ndege yenye leseni ya Tanzania. Desemba ilikuwa Air Tanzania peke yake. Sasa ni wote, mpaka mwenye kindege chake kimoja anayebeba watalii Serengeti na ambaye Ulaya hajawahi kufikiria kwenda. Sababu zilizotajwa naziandika hapa nisizisahau: uhaba mkubwa wa wataalamu wenye sifa, usimamizi usiofaa wa uendeshaji na uzima wa ndege, na kutofuata viwango vya kimataifa.

Jirani yangu alikuwa akisikiliza pamoja nami. Akaniuliza, "Sasa mzee wangu, sisi wa Kibondo hilo linatugusa wapi? Ndege yenyewe hatuna."

Sikumjibu vizuri. Nilikuwa na hasira, na mimi nikikasirika maneno hunikimbia. Jibu nimelipata sasa nikiwa peke yangu. Linatugusa kwa sababu neno la kwanza kwenye ile orodha ni watu. Ndege serikali imenunua: Bombardier mbili mwaka 2016, Boeing 787 mwaka 2018, Airbus zikafuata, na ya mizigo mwaka 2023. Mkaguzi wa kuzikagua haagizwi kiwandani. Anasomeshwa miaka, kisha anatunzwa asihame. Serikali ikimsomesha na shirika likamnyakua kwa mshahara mkubwa, Mamlaka ya Usafiri wa Anga inabaki na kiti kitupu, na siku mwenye kiti asipokuwapo, shirika lililomchukua nalo linafungiwa.

Kibondo, Ijumaa, 6 Juni

Jioni nimetembea mpaka kiwanja cha ndege. Mbuzi wanane, mtoto mmoja na fimbo, akina mama wawili wanakatiza na mihogo kichwani. Majani yamepanda kingoni. Changarawe bado ngumu chini ya kisigino, maana mvua zimeisha mapema Mei. Mvua za Novemba ndizo zinazochimba mifereji.

Nimesimama pale nikafikiri jambo ambalo sijawahi kuliandika. Kiwanja hiki na kile cha Kasulu vimelelewa na misiba ya majirani zetu. Oktoba 1993 Rais Ndadaye aliuawa Bujumbura, Warundi wakamiminika, ndege za wahisani zikaanza kutua. Mwaka 1994 ikawa Rwanda, msongamano ukiwa zaidi Ngara. Mwaka 1996 Wakongo walifunguliwa kambi ya Nyarugusu. Mwaka 2015 Warundi tena, maelfu wakilala ufukweni Kagunga na kipindupindu kikiwaua, meli ya MV Liemba ikiwahamisha kwa mikupuo hadi Kigoma. Kambi ya Nduta ikafunguliwa upya, na mapema 2016 ya Mtendeli ikafuata. Kila wimbi lilipokuja, greda lilikuja, majani yalifyekwa, na kile kitambaa cha kuonyesha upepo kilibadilishwa. Wimbi likipungua, mbuzi hurudi.

Sasa kambi zinafungwa moja baada ya nyingine. Mtabila ilifungwa 2012, leo ni kambi ya JKT. Mtendeli ilifungwa 2021. Warundi zaidi ya laki moja wamesharudi kwao, na mwaka huu misaada ya Wamarekani imekatwa, wakimbizi wamepunguziwa hata mgawo wa chakula. Ni heri mtu arudi kwao. Siombi vita iendelee ili sisi tufyekewe kiwanja. Lakini naona hatari ya viwanja hivi kufa siku wahisani watakapofunga virago, kwa sababu hakuna mkataba hata mmoja wa kwetu wenyewe unaovishikilia.

Kesho Iddi. Nimepeleka mchele kwa jirani.

Kibondo, Jumapili, 8 Juni

Sikulala. Hili nimelibeba miaka 22 na leo naliandika.

Novemba 2003 dada yangu alijifungua na damu ikakataa kusimama. Daktari alisema apelekwe hospitali ya Bugando, Mwanza. Asubuhi hiyohiyo ndege ya kukodi ilikuwa kiwanjani. Ilileta wageni wa kambini na ilikuwa inarudi Mwanza. Mimi ndiye niliyempa rubani hali ya hewa: mawingu ya radi yanajikusanya magharibi, aondoke kabla ya saa nane. Nilihesabu viti. Vitano vilikuwa vitupu.

Nilimwomba. Namkumbuka mpaka leo, kijana mpole, kofia mkononi. Alisema, "Mzee, ningeweza ningembeba. Aliyekodi ndege hajaruhusu, bima haimhusu, na nikitua na mgonjwa bila kibali naweza kupoteza leseni." Akapiga simu ya redio kwa mkubwa wake. Mkubwa akamwambia asubiri jibu. Saa nane ikakaribia, radi ikaanza kunguruma, nami ndiye niliyemwambia kwa kinywa changu kwamba asipoondoka sasa hataondoka leo.

Akaruka. Viti vitano vikaruka vitupu.

Tulimpakia dada kwenye Land Cruiser. Kakonko, Nyakanazi, matope, usiku, Geita. Tulifika Busisi kivuko kimekwisha kulala ng'ambo. Alikata roho pale ukingoni saa kumi na moja alfajiri, tukiziona taa za ng'ambo.

Simlaumu rubani. Kwa miaka mingi nilimtafuta wa kumlaumu, nikakuta kila mmoja alifuata kanuni yake. Aliyekodi alikuwa na kanuni, mwenye ndege alikuwa na kanuni, hospitali ilikuwa na kanuni, na mimi wa hali ya hewa nilikuwa na yangu. Kilichokosekana ni karatasi moja iliyosainiwa mapema, watu wakiwa wametulia, inayosema: kiti kikiwa kitupu na mgonjwa akiwa na barua ya daktari, atabebwa, na gharama ni ya fulani. Nikisikia viongozi wakisema "ushirikiano wa serikali na sekta binafsi katika usafiri wa anga", mimi naiona karatasi hiyo.

Kasulu, Jumatano, 11 Juni

Nimekuja kwa binti yangu. Nimetoka Kibondo asubuhi, mchana nakula ugali wa muhogo na migebuka mezani kwake. Zamani safari hii ilimaliza siku, na masika ilimaliza mbili.

Lami hii ya Kabingo, Kakonko, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu ni kilomita 260 na ushei, serikali pamoja na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Waliigawa vipande vinne ili wakandarasi wafanye kazi kwa wakati mmoja. Kanyani hadi Mvugwe tu ni kilomita 70.5. Nimeipita nikishukuru. Wazee wetu waliondoka Buha, nchi yetu Waha, kwa miguu na malori kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro kama manamba, wengine hawakurudi, kwa sababu umbali wenyewe ulikuwa kifungo.

Ndani ya basi watu walisema lami imemaliza haja ya ndege. Haijamaliza. Barabara nzuri inampeleka mfanyabiashara Mwanza kwa siku moja badala ya tatu. Mtu anayevuja damu hana siku moja.

Kasulu, Ijumaa, 13 Juni

Msiba India. Jana ndege ya Air India imeanguka Ahmedabad mara tu baada ya kuruka, watu 242 ndani, amepona mmoja. Boeing 787-8, aina ileile tuliyonayo. Binti yangu amezima televisheni kwa sababu ya watoto.

Nimekumbuka Bukoba, 6 Novemba 2022. ATR ya Precision Air ikitokea Dar es Salaam, watu 43, hali ya hewa mbaya juu ya ziwa, ikatumbukia majini karibu kabisa na kiwanja. Walikufa 19. Waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Siku ile nililia, na nilijua kwa nini nalia: mimi nimeishi maisha yangu yote kwenye upande ule wa kazi ambao abiria hauoni. Rubani anaweza kuwa hodari na ndege ikawa nzima, lakini mtabiri, mwongozaji, zimamoto, polisi wa majini na hospitali wasipokuwa wamefanya mazoezi pamoja, ajali ndiyo inayowakutanisha mara ya kwanza. Kigoma tuliwahi kupona: Aprili 2012 Dash 8 ya Air Tanzania iliharibika vibaya ikiruka, na wote wakatoka hai.

Kisheria ripoti ya awali ya ajali hutolewa ndani ya siku 30. Huo ni utaratibu wa Mkataba wa Chicago wa 1944, na naupenda kwa sababu unamtaka kila mhusika aseme alichofanya, serikali na kampuni pamoja, ili mwingine asife kwa kosa lilelile.

Kasulu, Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada mkwe wangu alikaa nami barazani. Anauza maharage na tangawizi mpaka Mwanza, hesabu anaijua. Nilimweleza fikra yangu, ndege ndogo mara mbili kwa wiki, Kigoma, Kasulu, Kibondo, Mwanza na kurudi.

"Baba," akasema, "kwa heshima yote, mwenye ndege atakula wapi? Wiki ya kwanza atapata abiria tisa, ya pili wanne, ya tatu hatakuja."

Amesema kweli, na ndipo penye fundo. Mwenye ndege halaumiwi kwa kukimbia hasara. Basi serikali isimwachie hasara yote. Wamarekani tangu 1978, walipoyaachia mashirika yao uhuru wa kuchagua njia, waliona miji midogo itaachwa, wakaanza kuyalipa mashirika ili yaendelee kutua huko. Wahindi mwaka 2017 walianza safari za mpango wao wa UDAN: safari za njia kubwa zinachangia mfuko, mfuko unafidia njia ndogo, na nusu ya viti vya ndege inauzwa kwa bei isiyozidi kiwango, ilipoanza ilikuwa rupia 2,500 kwa safari ya saa moja. Shirika linashindania njia kwa kusema linahitaji fidia kiasi gani. Anayeomba kidogo ndiye anayepewa, kwa muda maalumu.

Mkwe akauliza ndege gani itakubali changarawe yetu. Nikamwambia Seronera ni changarawe. Kila siku ya Mungu Caravan zinatua Serengeti na watalii, abiria kumi na wawili hivi, injini moja, marubani Watanzania. Mashirika yetu binafsi yana uzoefu huo ambao nchi nyingi hazina. Wanajua kutua penye nyumbu. Wataweza kutua penye mbuzi. Tofauti ni kwamba mtalii amelipa kabla hajapanda, na Muha hajalipa.

Akanyamaza. Kisha, mwenyewe, akaanza kuhesabu kwa vidole: halmashauri zetu, Kibondo, Kasulu Mji, Kasulu na Kakonko, maofisa wao wanasafiri kila wiki kwa magari ya serikali, mafuta na posho za njiani. Benki zinasafirisha watu. Hospitali za Kibondo na Kabanga zina rufaa. Mashirika yaliyobaki Nyarugusu bado yana wafanyakazi. "Hao wakiahidi kununua viti sita kila safari, wapande wasipande, mwenye ndege anaanza na sita mkononi." Nimeliandika kama alivyolisema. Sikulifikiria mimi.

Tuliongea mpaka giza. Alitaja Air Tanzania na Waafrika Kusini: 2002 tuliwauzia asilimia 49, 2006 tukaachana. Alisema ushirikiano ni hatari. Nikamjibu kwamba ule ulikuwa wa kuuza hisa za shirika zima kwa mgeni mmoja, tukitumaini ataliokoa. Huu ninaousema ni wa njia moja, miaka mitatu, kila upande ukijua anatoa nini na siku gani mkataba unaisha. Sidhani alikubali kabisa. Lakini aliniomba nimwandikie makadirio ya nauli.

Kasulu, Jumanne, 17 Juni

Mjukuu wangu yuko likizo, kidato cha tatu. Anapenda fizikia. Aliniuliza kwa nini ndege inahitaji njia ndefu zaidi Kasulu kuliko Dar es Salaam. Nilimpeleka nje, nikamwambia hapa tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mchana wa jua inazidi kuwa nyepesi. Bawa linapata kidogo cha kushika, injini inapata kidogo cha kuvuta. Ndiyo maana rubani mwenye busara hutaka kuruka asubuhi akiwa amejaza. Macho yake yaliwaka.

"Babu, nataka kuwa fundi wa ndege. Si rubani. Fundi."

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Nchi iliyofungiwa anga kwa uhaba wa wataalamu ina mtoto Kasulu anayetaka kuwa mtaalamu. Njia ipo: Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, Dar es Salaam, kimepewa fedha za Benki ya Dunia kwa kituo cha umahiri cha usafiri wa anga, na kina ndege zake za kufundishia marubani. Mimi nilisomea hapahapa mkoani, kwenye chuo cha hali ya hewa cha Kigoma, kinachosomesha vijana wa nchi nzima. Lakini fundi hatoki darasani akiwa fundi. Lazima akae karakana ya shirika, miezi na miaka, chini ya mwenye leseni anayemsainia kila kazi. Hapo chuo cha serikali bila karakana ya kampuni ni nusu, na karakana bila chuo ni nusu. Mwaka 2022 na 2023, Airbus zetu zilipokaa chini zikingoja injini za Pratt & Whitney ambazo dunia nzima ilikuwa ikizingoja, nilitamani vijana wa chuo wapelekwe pale kila siku, waijue ndege iliyosimama sehemu moja moja.

Nimemwachia mjukuu kipimajoto changu cha zamani.

Kibondo, Ijumaa, 20 Juni

Nimerudi. Jana Rais amezindua daraja la Kigongo na Busisi, kilomita tatu juu ya maji. Nimeona picha kwenye simu ya jirani. Magari yanapita. Nilitoka nje nikakaa chini ya mwembe mpaka nilipoweza kuzungumza na watu.

Usiku huu nimeandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege pale Kigoma na kwa chama cha waendeshaji wa ndege. Uwanja wa Kigoma umo kwenye mradi wa viwanja vinne, pamoja na Tabora, Shinyanga na Sumbawanga, kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Ni Ulaya hiyohiyo iliyotufungia anga, na sioni kinyongo: mkopeshaji anataka uwanja wake utumiwe na ndege salama. Ila uwanja mkubwa ukikosa vijito vya kuulisha utabaki na abiria wa mjini tu. Kasulu na Kibondo ni vijito vyake.

Nimeomba mambo haya. Halmashauri ziweke uzio na kufyeka, kazi ya vijana wetu kwa mkataba wa mwaka mzima, si kungoja ndege itangazwe. Serikali isamehe ada za kutua miaka mitatu kwa shirika litakaloahidi ratiba. Kituo cha hali ya hewa Kibondo kimtumie rubani vipimo kabla hajaruka. Halmashauri, benki na hospitali zisaini dhamana ya viti sita. Ukaguzi usilegezwe hata punje kwa sababu ni njia ya masikini. Ndege isiyofaa kwa Ulaya isifae kwa Kibondo. Na katika kila safari, kiti kimoja kisiuzwe mpaka nusu saa kabla ya kuruka, kiwe cha mgonjwa mwenye barua ya daktari, bila simu kwa mkubwa yeyote.

Hilo la mwisho nimelipigia mstari.

Kibondo, Jumatatu, 23 Juni

Saa moja asubuhi. Upepo wa mashariki, noti 6. Mawingu hakuna. Kuona kilomita 8, moshi.

Barua nimeikabidhi masjala saa mbili, kurasa nne, na nakala imegongwa muhuri wa kupokelewa. Nikapitia kiwanjani. Kwa hali ya hewa ya leo, Caravan ingetua na kuruka salama wakati wowote mpaka jioni. Hakuna iliyotua.